HERUFI NAZO NI MIZANI



Mtu akikuuzia kilo moja ya mchele akakupa robo tatu, huna haja ya mwanachuoni kukwambia kuwa umedhulumiwa. Iko sura nzima katika Qur'ani Tukufu, Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo, na watoto wetu huihifadhi wangali chuoni. Lakini leo napenda tujiulize suali ambalo aghlabu hatujiulizi. Mtu akikuandikia maneno ya kweli, yote, pasi na kupunguza hata moja, lakini akayaandika kwa namna ambayo wewe huwezi kuyasoma, au wayasoma na huwezi kuyafahamu, je, amekupa haki yako au amekupunja?

Wako watakaojibu upesi: "Maadamu aliyoyaandika ni kweli, yeye amekwisha toka. La kusoma ni juu ya msomaji." Jibu hili lina sura ya haki, lakini tukilichunguza twaona lina tundu. Ninalokusudia kulieleza ni kuwa umbo la maandishi, yaani ukubwa wa herufi, mpango wa mistari, nafasi inayoachwa wazi, rangi na picha, si pambo tu. Ni sehemu ya amana. Na ili tusizungumze hewani, twende mpaka mahali panapojulikana tukaanzie huko.

ALAMA KABLA YA KALAMU

Kirua Vunjo iko katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, juu ya njia itokayo Moshi kwenda Himo, jirani na Kilema. Sisi watu wa pwani nchi ile twaijua zaidi kwa ndizi zake na kahawa yake. Wachache wetu hukumbuka kuwa kabla ya kalamu na karatasi kufika huko, wenyeji walikuwa na alama zao, na alama hizo zina mafunzo kwa kila mtu anayeandika.

Uko mmea uitwao isale, wenye majani marefu ya kijani yasiyokauka upesi. Wachagga huupanda kwenye mpaka wa kihamba, na kihamba ni lile shamba la migomba na kahawa ambalo ndani yake mna nyumba na mna makaburi ya wazee. Mmea huo huo ndio mtu huuchukua anapokwenda kuomba msamaha. Aliyekosa akija na isale mkononi, mwenye kukosewa huona uzito mkubwa kumkatalia. Jani moja, basi, lina nguvu ya kusimamisha ugomvi wa ardhi na nguvu ya kumaliza ugomvi wa ndugu.

Tuizingatie nguvu hii imetoka wapi. Kwanza, maana ya isale imekubaliwa na wote, wala hapana mtu mmoja aliyejitungia yake. Pili, isale huonekana wazi mahali ilipo. Haikufichwa majanini ili mwenye kupita aikanyage kisha aambiwe amevuka mpaka. Tatu, haifanyiwi mchezo. Lau kila mtu angeipeleka kila siku kwa kila jambo dogo, ingekwisha thamani. Mambo haya matatu, makubaliano, kuonekana, na kutochezewa, ndiyo msingi wa kila alama njema duniani, iwe ni isale, iwe ni kibao cha barabarani, iwe ni herufi ya kitabuni.

Kadhalika wazee wa Kichagga walikuwa na fimbo iliyochongwa alama, iitwayo mregho, ambayo kwayo vijana walifundishwa adabu na siri za maisha ya utu uzima. Mmisionari wa Kijerumani Bruno Gutmann, aliyeishi miaka mingi huko Old Moshi, aliyaandika mafunzo ya Wachagga katika vitabu alivyovitoa baina ya 1932 na 1938, na fimbo hiyo ni katika mambo aliyoyahifadhi. Mwalimu alikwenda chale kwa chale, na kijana akafuata kwa jicho na kwa sikio. Hapo twapata jambo la nne, nalo ni utaratibu: lipi linatangulia na lipi linafuata. Mtu ambaye hakupata kuona kitabu alijua kuwa elimu isiyo na mpango haikai kichwani.

STAKABADHI YA MKULIMA

Kahawa ilianza kupandwa mlimani mwishoni mwa karne ya 19, na misheni ya Wakatoliki ya Kilema ina sehemu kubwa katika khabari hiyo. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, na mwaka 1933 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kijulikanacho kwa herufi za KNCU. Tangu hapo maisha ya mkulima yakawa yamefungamana na karatasi. Akipeleka kahawa, hupewa stakabadhi yenye uzito, bei na makato. Kahawa nayo hupangwa kwa daraja, AA, A, B, PB na kadhalika. Herufi hizo zaonekana ndogo, lakini baina ya moja na nyingine pana ada ya shule ya mtoto.

Sasa mfikirie mama mkulima wa Kirua aliyeshuka na gunia lake. Tuseme apewa karatasi moja kati ya mbili. Ya kwanza imejaa maandishi kutoka ukingo hadi ukingo. Jina la chama na nembo yake vimechukua nusu ya karatasi. Uzito umeandikwa kwa tarakimu zilizofifia, makato yamechanganyika na anwani, na jumla ya anachostahiki kulipwa imekaa pembeni chini, katika herufi ndogo kuliko zote. Ya pili ina mambo yale yale. Lakini uzito uko peke yake katika mstari wake, bei chini yake, makato kila moja na jina lake, na mwisho, kwa tarakimu nono zilizozungukwa na nafasi tupu, ile jumla. Tarakimu zote zimesimama mstari mmoja, mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi, hata mtoto wa darasa la tatu aweza kumjumlishia mama yake.

Karatasi zote mbili zasema kweli. Hapana hata senti moja iliyoibiwa katika yoyote. Lakini ya pili yampa mama uwezo wa kuuliza: "Hapa mbona mmenikata?" Ya kwanza yamnyima suali hilo. Na mtu asiyeweza kuuliza huibiwa kesho, hata kama leo hakuibiwa. Hii ndiyo maana ya kusema herufi nazo ni mizani. Mizani ambayo mnunuzi haruhusiwi kuiona ulimi wake, hata ikiwa sawa, haimtulizi mtu moyo, na mwenye nayo kila siku yuko karibu na kishawishi.

Kutokana na mfano huu waweza kujua kanuni kubwa za kazi hii, ambazo wachapaji na wasanifu wa maandishi huzisomea kwa miaka. Lililo muhimu liwe kubwa, na lisilo muhimu liwe dogo. Yanayohusiana yakae pamoja, na yasiyohusiana yatengwe. Kinachotakiwa kionekane kitofautiane na kilicho nyuma yake. Wino mweusi juu ya karatasi nyeupe huonekana, na kijivu juu ya samawati hupotea. Kilichoanza kwa mtindo mmoja kiendelee kwa mtindo huo. Na nafasi tupu isichukuliwe kuwa ni khasara, kwani jicho nalo huhitaji mahali pa kupumzikia, kama vile msomaji wa Qur'ani anavyohitaji mahali pa kusimama apumue.

WAZEE WETU WALILIJUA HILI

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo mapya yaliyoletwa na mashine. Mas'hafu ya mwanzo yaliandikwa bila ya nukta na bila ya irabu kama tuzijuazo leo. Waarabu wa wakati huo hawakuona tabu, kwani lugha ilikuwa yao. Lakini Uislamu ulipoenea, watu wa lugha nyengine wakawa wasoma na kukosea. Abul Aswad Ad-Dualiy, aliyefariki mwaka 69 wa Hijra, ndiye anayetajwa kuwa alitia alama za irabu kwa nukta za rangi isiyokuwa ya wino wa maneno. Baadaye wakatajwa wanafunzi wake kwa kazi ya kupambanua herufi zinazofanana, kisha katika karne ya pili ya Hijra Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidiy, mwenye asili ya Oman, akazitengeza irabu katika umbo lililo karibu na hili tulisomalo.

Hebu tulifikiri hili. Wangeweza kusema: "Asiyejua na ajifunze Kiarabu." Hawakusema hivyo. Walimtazama msomaji aliye dhaifu, mgeni, mtoto na aliyesilimu jana, wakaitengeza karatasi kwa ajili yake. Wala hawakuyagusa maneno yenyewe. Waliongeza msaada wa jicho, tena kwa rangi mbali ili usichanganyike na asili. Kila mtoto wa Lamu, wa Pemba au wa Moshi anayesoma alif fat'ha a leo, yuko katika kivuli cha huruma ile.

Akaja Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 328 wa Hijra, sawa na 940 ya Miladi. Alikuwa waziri wa makhalifa watatu, na siasa zikamfikisha mahali akakatwa mkono wake wa kuume. Lakini kilichobakia ni kipimo chake. Alichukua nukta inayotoka kwenye ncha ya kalamu akaifanya ndiyo pishi ya herufi zote: alif iwe na urefu wa nukta kadha, na duara ambalo alif ni kipenyo chake liwe ndilo linalopima mapindo ya herufi nyengine. Kabla yake uzuri wa khati ulikuwa katika mkono wa mtu. Baada yake ukawa pia katika hisabu. Hapa twaona kuwa uzuri na usahihi si maadui, kwani herufi iliyopimwa ndiyo hiyo inayopendeza na ndiyo hiyo inayosomeka.

Na kinyume chake pia kimetokea. Huko Venice, Italia, yapata 1537 na 1538, akina Paganini, baba na mwana, walichapa Qur'ani nzima kwa mashine, nayo ndiyo ya kwanza ijulikanayo kuchapwa hivyo. Kwa muda mrefu watu walidhani hapana hata nakala moja iliyosalia, mpaka moja ilipogunduliwa mwaka 1987 katika maktaba ya watawa huko huko Venice. Wataalamu walioisoma wamekuta herufi zimechanganywa na irabu zimetiwa pasipo elimu. Mashine ilikuwepo, wino ulikuwepo, mtaji ulikuwepo. Kilichokosekana ni kumjua msomaji na kuiheshimu lugha yake. Linganisha na Msahafu wa Cairo wa mwaka 1924, uliosimamiwa na wanavyuoni wenye kuhakiki kila alama, na ambao mpaka leo umekuwa kiigizo cha chapa nyingi ulimwenguni.

Kwetu pwani nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, ambazo katika asili yake hazina p wala v wala ch, wala hazipambanui e na i, o na u. Mjuzi alisoma kwa kukisia. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuwa katika walioshughulika kuziongezea herufi hizo alama ili zibebe sauti za Kiswahili sawasawa. Kisha zikaja herufi za Kirumi, zikashika skuli na ofisi. Faida zake hazikataliki. Lakini ikumbukwe pia kuwa wako wazee waliolala usiku wakiwa wasomi, wakaamka wakiwa wanahisabiwa hawajui kusoma, na elimu yao imo kifuani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake Al-Islah hapo Mombasa mwaka 1932, alilitoa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Mwenye kuchagua khati huchagua pia nani ataingia na nani atabaki mlangoni.

SHULE ILIYOMO KABATINI

Ikiwa wafikiri kuwa elimu hii ni ya mabwana wa viwandani tu, fungua kabati la mkeo au la mama yako utoe leso. Wengine huiita kanga. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyomo ndani ya kisanduku chake. Pindo lakusanya jicho, mji walivuta, na jina husomwa likiwa katika mahali pake maalumu, kwa herufi kubwa, pasipo maua kupita juu yake. Nyumba ya Kaderdina ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887 na kujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, imesifika sana kwa kuyaeneza maneno ya leso. Mwanamke wa pwani huweza kutambua, akiwa hatua kumi mbali, leso iliyochapwa vibaya: pindo limekwenda upande, rangi zimevujiana, jina limemezwa na ua. Huirudisha dukani.

Basi nauliza: mtu mwenye jicho kali namna hii katika nguo, kwa nini akipewa mkataba wa mkopo hulifumba jicho lile lile akatia saini? Ni kwa sababu katika leso anajiona ana haki ya kuchagua, na mbele ya karatasi ya ofisi anajiona mnyonge. Unyonge huo ndio unaotakiwa utoke.

PICHA NAYO HUSEMA

Wengine husema dawa ya tatizo hili ni picha, kwani picha haihitaji skuli. Ni kweli nusu. Katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965, na katika zilizofuata wakati wa chama kimoja, jimbo moja likiwa na wagombea wawili kila mmoja alipewa alama yake: mmoja jembe na mmoja nyumba. Hivyo asiyejua kusoma, kama wa Kirua, aliweza kupiga kura mwenyewe bila ya kumtegemea karani. Hilo lilikuwa ni jambo la haki. Lakini haukupita muda watu wakaanza kujadiliana juu ya alama zenyewe, ipi ina bahati zaidi katika nchi ya wakulima. Jembe likawa na sauti yake, na nyumba ikawa na yake, na hakuna mgombea aliyeyatunga hayo. Hapana picha iliyo bubu.

Wala nia njema haitoshi. Mwezi wa Novemba 2000, katika jimbo la Florida huko Marekani, wilaya ya Palm Beach iliwapa watu karatasi ya kura yenye majina kushoto na kulia, na matundu ya kutoboa katikati. Ilipangwa hivyo kusudi herufi ziwe kubwa na wazee wasome kwa urahisi. Matokeo yake wengi hawakujua tundu lipi ni la nani. Kura zaidi ya 19,000 ziliharibika kwa kutobolewa mara mbili. Urais wa nchi ile uliamuliwa na Florida, na tofauti katika Florida ilikuwa kura 537. Aliyeipanga karatasi alikusudia ihsani, nayo karatasi ikaleta fitina. Somo lake ni hili: kabla ya kuchapa elfu mia, chapa kumi, uwape watu kumi wa kawaida, ukae kimya uwatazame. Wakikosea, kosa ni la karatasi.

Na iko picha nyengine ya kuzungumzwa, nayo ni ile ya Mlima Kilimanjaro wenyewe. Theluji ya Kibo yaonekana juu ya mifuko ya kahawa, juu ya chupa za maji, hata juu ya vileo. Mtu akiuona mlima ule husadiki: hiki kimetoka juu, mahali safi. Mlima umegeuzwa shahidi. Lakini je, shahidi huyo ameulizwa? Huko Japani, kwa kanuni za biashara yao, jina Kilimanjaro hutumika kwa kahawa ya arabika itokayo Tanzania, isipokuwa ya Bukoba. Kwa hivyo kahawa ya Mbinga au ya Mbeya nayo huweza kuuzwa kwa jina la mlima. Na mchanganyiko huruhusiwa kuitwa Kilimanjaro ukiwa na asilimia 30 tu au zaidi ya kahawa hiyo. Nyengine yaweza kutoka popote.

Kanuni ipo, na mwenye kuifuata hajavunja sheria. Mbinga nao ni ndugu zetu na kahawa yao ni njema. Lakini dhamiri ina suali lake. Mnywaji aliyeko Tokyo akiona picha ya mlima, anafahamu nini? Na mkulima wa Kirua, ambaye mlima ndio uliomzaa na ndio anaoupanda kila siku na mzigo kichwani, apata nini katika jina hilo? Kweli ya mdomo ni kusema neno lisilo uwongo. Kweli iliyo kubwa zaidi ni kumwacha mwenzio na picha iliyo sahihi moyoni mwake. Mtu aweza kuwa amesalimika katika ya kwanza na ameanguka katika ya pili.

WASEMAO KINYUME

Kuna hoja tatu zinazostahiki kujibiwa.

Ya kwanza ni ile tuliyoanza nayo, kuwa la kusoma ni juu ya msomaji. Ndiyo, msomaji ana wajibu, na tutaufikia. Lakini tuiangalie aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na maudhui yake ni kuandika deni. Ndani yake muandishi ametakiwa aandike kwa uadilifu, na deni lisidharauliwe kuandikwa likiwa dogo au kubwa, na yule mdaiwa aliye dhaifu, asiyeweza kuisimamia imla yake, amewekewa msimamizi wa kumsemea kwa haki. Unyonge wa mtu haukuhisabiwa kuwa ni kosa lake. Umehisabiwa kuwa ni jambo la kutengenezewa njia. Mwenye kuandika mkataba kwa herufi za kuchosha macho, akijua mkopaji ni mzee mwenye miwani ya kuazima, anafanya kinyume cha hayo.

Hoja ya pili: haya mapambo ni israfu, na sisi ni maskini. Lakini tulilolieleza si pambo. Kilicho ghali ni nembo ya dhahabu na rangi saba. Kuweka jumla mahali pake na kuacha nafasi tupu hakuna gharama. Chukua bahasha ya dawa. Mara ngapi tumepewa vidonge, na juu yake pameandikwa 2 x 3 tu? Muuza dawa anakusudia viwili mara tatu kwa siku. Aliyesoma hisabu huona sita. Mama aliyeamshwa usiku na homa ya mtoto, taa hafifu mkononi, atafahamu nini? Michoro mitatu, jua likichomoza, jua la utosi, na mwezi, na vidole viwili kando ya kila mmoja, ingemaliza shaka yote kwa wino wa nusu senti. Hapo kati ya maandishi mema na mabaya pana uhai wa mtu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Yasemwa: usanifu mzuri waweza kutumikia uwongo. Matangazo ya kamari yamepangwa vizuri kuliko vitabu vya dini. Ya mikopo ya simu yana herufi nono za kuvutia mwenye shida, na riba imo chini kabisa. Hili ni kweli, nami silipingi. Mizani iliyo sawa yaweza kupimia mchele uliooza. Kwa hivyo wajibu ni wawili: bidhaa iwe ya halali, na kipimo kiwe cha haki. Lakini litazame tangazo hilo hilo la mkopo, utaona lenyewe latoa ushahidi. Mwenye kuliandika ajua vizuri sana namna ya kufanya jambo lionekane, kwani amelifanya kwa zawadi. Akiificha riba, hawezi kusema hakujua. Herufi ndogo katika karatasi yenye herufi kubwa ni ungamo lililoandikwa.

LA KUFANYA NYUMBANI NA MSIKITINI

Tukiwa sisi ndio wasomaji, tujizoeze kulitazama kabla ya kulisoma. Ikiingia karatasi nyumbani, iwe ya benki, ya ardhi au ya hospitali, iweke mezani na ujiulize: Kipi kimefanywa kikubwa, na kwa faida ya nani? Kipi kimefanywa kidogo? Picha hii yanishuhudia kweli au imeazimwa? Je, fedha yangu, tarehe yangu na jina langu vimekaa mahali naviona? Anza kusoma kutoka palipo padogo kuliko pote. Wafundishe watoto haya kwa mfuko wa unga na kopo la maziwa, wakutafutie tarehe ya mwisho wa matumizi. Watakapokuwa wakubwa hawatapumbazwa na bango.

Tukiwa sisi ndio waandishi, na kila mtu siku moja huwa mwandishi, wa tangazo la maziko, wa hisabu ya chama cha kina mama, wa ratiba ya darsa, tukumbuke tunamwandikia nani. Tangazo lililobandikwa mlangoni mwa msikiti lisomwe na mzee asiyekuwa na miwani. Hisabu ya michango ipangwe ili aliyetoa shilingi mia aione shilingi mia yake. Mweka hazina mwaminifu hapotezi kitu kwa uwazi, na asiye mwaminifu hapati pa kujificha.

Tukiwa na cheo, kwa kuwa kila cheo huzaa karatasi, tuiheshimu lugha ya watu. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ni hatua kubwa, lakini lugha ni nusu tu ya njia. Kiswahili kilichobanwa katika kurasa ishirini bila ya kichwa wala aya, mwananchi hawezi kukiingia, kama nyumba isiyo na mlango.

Ndugu msomaji, mwenye duka akijua ratili yake imepunguka kidogo akanyamaza, sote twajua hukumu yake. Wengi wetu hatushiki ratili maishani, lakini sote twashika kalamu, na siku hizi twashika simu. Basi kila uandikapo, fanya kama vile upimavyo: jaza, sawazisha, kisha mgeuzie mwenzio aone mwenyewe.

Wabillahi taufiq.